Mavi ya chuma nayo ni mambo ya kale

Greda lilikuwa limepita asubuhi. Ukingo wa barabara umekatwa wima kama mkate, na katikati ya udongo mwekundu umelala mstari mweusi, unene wake kiganja kimoja. Ndani yake mlikuwa na majivu, makombe, na kigae cha shingo ya chungu kilichochorwa pembetatu zinazofuatana, kila moja imejazwa mistari ya mshazari. Nikampa msimamizi wa zamu. Akakigeuza mara mbili. "Si chungu cha bibi fulani tu kilivunjika hapa?"

Kweli, cha bibi fulani. Ila bibi huyo alifinyanga zaidi ya miaka 1000 iliyopita. Vyungu vya pembetatu namna ile vinaokotwa mahali pengi katika mwambao wetu, na vilianza kabla Kilwa haijajenga msikiti wake mkubwa wa mawe.

Baadaye nikaisoma taarifa ya tathmini ya athari za mradi ule wa barabara. Mambo ya kale yalipewa aya moja: hakuna magofu ndani ya hifadhi ya barabara. Wala hawakudanganya, ukuta haukuwepo. Ugomvi wangu ni kwamba ukuta ndio pekee waliotumwa kuutafuta. Magofu ya Kunduchi na Kaole kila mtu anayaona, hata dereva wa greda. Lakini wengi wa wazee wetu walijenga kwa miti na udongo, na nyumba hiyo ikianguka haiachi gofu. Inaacha doa la jiko, mashimo ya nguzo, vigae, na kama palikuwa na wahunzi, mavi ya chuma, yaani masalio ya kuyeyusha chuma.

Limbo, kusini mwa Dar es Salaam, hapana jengo la kupiga nalo picha. Mwanaakiolojia Profesa Felix Chami alichimba pale akakuta mabaki ya watu waliokuwa wakiyeyusha chuma karibu miaka 2000 iliyopita. Lau barabara ingepita hapo kwanza, wapimaji wangeandika aya ile ile.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 haibagui. Kitu kilichotengenezwa na mtu kabla ya 1863 kinalindwa, kiwe cha dhahabu au cha udongo. Anayebagua ni mshauri wa tathmini anayepita na gari, kioo kimefungwa, kiyoyozi kinapuliza.

Uingereza walipotengeneza upya barabara ya A14 kati ya Cambridge na Huntingdon, wanaakiolojia wapatao 250 walitangulia mitambo. Wakapata vijiji vizima vya kale vilivyojengwa kwa miti, vilivyobaki madoa ardhini tu, sawa na vyetu. Najua mtaniambia wenzetu wana fedha. Mimi sidai watu 250. Nadai watu wanne watembee kwa miguu sambamba, wachimbe mashimo madogo kila baada ya hatua kadhaa, wachekeche udongo, kabla mkandarasi hajaleta hata koleo. Na waulize wenye mashamba, maana mkulima ndiye anayejua jembe lake hugonga vigae wapi.

Tena wasiishie kwenye mstari wa barabara. Machimbo ya kifusi yako nje yake, vilimani, mara nyingi penye udongo mzuri ambao hata watu wa kale waliupenda. Nimeona machimbo yakifunguliwa kwa makubaliano ya mdomo na mwenye shamba, bila mtu wa mambo ya kale kukanyaga pale.

Wahandisi husema uchunguzi unachelewesha kazi. Unachelewesha ukianza mitambo ikiwa tayari inanguruma. Ukifanyika wakati bado mnachora ramani, mnasogeza kalamu tu.

Kigae chetu msimamizi alikiweka juu ya dashibodi ya gari lake, akasema atauliza ofisini. Niliporudi baada ya wiki mbili ukingo ulikuwa umeshapangwa mawe na kuzibwa kwa saruji, kazi safi kabisa. Yeye alikuwa amehamishiwa kipande kingine cha barabara, na gari nalo.