Tetemeko halina mawingu

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini dalili ya tetemeko la ardhi ni nini? Aristotle aliamini kwamba ardhi hutikiswa na pepo zilizonaswa ndani yake. Tunamcheka, ila nasi bado tunaitafuta dalili hewani, safari hii kwa setilaiti.

Wazo lenyewe si la kipuuzi. Miamba ikibanwa sana huweza kuachia gesi ya radoni, na wapo wanaosema huzalisha pia chaji za umeme ambazo athari yake hufika hadi ionosfia, lile tabaka la juu la angahewa lenye elektroni huru. Ufaransa ilirusha setilaiti ya DEMETER mwaka 2004 kuchunguza jambo hilo. China nayo ikarusha yake mwaka 2018.

Kisa kilichoniteka ni cha Japani. Baada ya tetemeko la Machi 11, 2011, lenye ukubwa wa 9.0, mwanajiofizikia Kosuke Heki alipekua data za vituo vya GPS akaona elektroni ziliongezeka juu ya eneo lile dakika kama 40 kabla. Dakika 40! Muda wa kumbeba mtoto, kumshika mzee mkono na kupanda mlimani kukwepa tsunami. Niliposoma mara ya kwanza niliamini moja kwa moja.

Kisha nikawasoma wapinzani wake. Ili uone ongezeko, lazima kwanza uchore mstari wa hali ya kawaida, na mstari ule ulichorwa kwa vipimo vya kabla na vya baada. Sasa, baada ya tetemeko, bahari iliyoinuka ilitikisa hewa hadi ionosfia, elektroni zikapungua. Mstari ukavutwa chini, na hali ya kawaida ya kabla ikaonekana kama imepanda. Heki alijibu, mabishano yakaendelea, ila mimi nimeshahama upande.

Shida ni kutafuta huku jibu unalo mkononi. Ionosfia huvurugwa mara kwa mara na dhoruba za jua, na matetemeko ya ukubwa wa 6 kwenda juu huzidi 100 kwa mwaka duniani. Hapo utakosaje vitu viwili vya kuoanisha? Kabla ya tetemeko la Loma Prieta, California, mwaka 1989, kipima sumaku karibu na kitovu kilinasa mawimbi ya ajabu, yakawa ushahidi wa kutajwa kila mahali. Miaka 20 baadaye watafiti walioyachunguza upya walihitimisha kwamba huenda kifaa chenyewe ndicho kilikuwa na hitilafu.

Sisemi watafiti waache kutafuta. Wanaodai wameona dalili waandike kabla: wapi, lini, ukubwa gani. Waweke hadharani, kisha wahesabu na zile walizokosea, maana hizo ndizo zinazofichwa.

Picha za "mawingu ya tetemeko" bado zinanifikia kwenye simu. Siku hizi naangalia tarehe tu. Zote nilizopata hadi sasa zilianza kusambazwa baada ya ardhi kutulia.