Fundi hodari, kapita mbaya

Hapa Lubumbashi, fundi akishajulikana kwa mkono wake mzuri, zawadi yake ni kupewa watu wa kuongoza. Jana alikuwa amelala chini ya lori, leo anaitwa shefu. Hakuna aliyemwonyesha namna ya kugawa kazi, namna ya kumrekebisha kijana bila kumvunja moyo, wala namna ya kupokea habari mbaya. Anapewa kofia ya rangi nyingine na daftari la mahudhurio, basi. Mimi nilipewa kofia hiyo miaka sita iliyopita, na ilibaki kidogo watu wafe.

Ilikuwa katika ateliye (karakana) moja ya mtaa wa Kampemba, tunakotengeneza malori yanayobeba madini. Nilikuwa na vijana saba. Injini nilizijua vizuri. Watu niliwaendesha kwa sauti. Jumatatu moja kijana alivunja kifaa cha kukazia nati, nikamfokea mbele ya wenzake mpaka mteja aliyekuwa anasubiri akatazama pembeni kwa haya. Jumatano, mwingine, mdogo kuliko wote, aliona meno ya boliti mbili za gurudumu la nyuma yameliwa. Akanyamaza. Akakaza alivyoweza, lori likatoka. Kwenye njia ya Likasi gurudumu likachomoka. Dereva alifaulu kulisimamisha lori kando ya barabara, hakuna aliyeumia. Nilipomuuliza yule kijana kwa nini hakusema, alijibu akiangalia chini: "Nilikuogopa, shefu."

Kuna mzee mmoja jirani yetu aliyefanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, miaka mingi. Jioni ile nilimsimulia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia: "Weye unajua mashini. Batu haubajue bado." Halafu akaniita kwa jina ambalo sikulipenda: kapita, yaani msimamizi.

Tunalitumia neno hilo kila siku bila kukumbuka lilikotoka. Wakati Kongo ilipokuwa mali ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji, kati ya 1885 na 1908, makapita walikuwa watu waliowekwa vijijini kusimamia ukusanyaji wa mpira, mara nyingi wakiwa na bunduki mkononi. Baadaye migodini, kapita akawa yule anayesimama kati ya mzungu na wafanyakazi. Kazi yake kubwa ilikuwa jicho: nani amechelewa, nani amekaa, nani anajibu. Wazungu wa Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa ukoloni, wameondoka, kampuni ikawa ya serikali tangu 1967 na ndiyo Gécamines, lakini lile jicho tumelirithi. Nenda ateliye yoyote, duka lolote la jumla, hata ofisi yenye kompyuta nzuri, utamkuta kapita amesimama mlangoni.

Gécamines haikurithi ubaya tu, nisiwe mwongo. Ilikuwa na shule zake, na kijana alijifunza ufundi akikaa karibu na mkubwa miaka kadhaa kabla ya kuachiwa kazi yake mwenyewe. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ule ulioitwa wa hiari. Watu huzungumzia fedha walizopewa kwamba zilikuwa chache, na wana haki. Mimi huumizwa pia na jambo jingine: kwa mkupuo mmoja mji ulipoteza watu waliojua kulea mafundi. Kizazi changu kilijifunza kazi barabarani, kila mtu kivyake, na mtu aliyejifunza kivyake hufundisha kwa shida.

Mtafiti Amy Edmondson wa Harvard, Marekani, aliwahi kuchunguza katika miaka ya 1990 makosa ya kutoa dawa katika vikundi vya wauguzi hospitalini. Alitegemea vikundi vyenye uongozi mzuri viwe na makosa machache. Akakuta vimeandikisha makosa mengi zaidi. Alipochimba akaelewa: hawakuwa wanakosea zaidi, walikuwa wanasema. Kwingine kosa lilifichwa. Niliposoma habari hiyo niliziona zile boliti mbili mbele ya macho yangu.

Basi tulibadilisha nini? Kila asubuhi, kabla ya kushika ufunguo wa nati, tunasimama dakika kumi. Anayeongoza kikao si mimi. Ni zamu, kila wiki mmoja wetu. Anauliza swali moja ambalo hatuliruki: jana ni nini hakikwenda sawa? Miezi miwili ya mwanzo wote walikuwa bubu. Ikabidi nianze mimi, nitaje kosa langu la jana, kweli kabisa, mbele ya vijana ninaowazidi umri. Ilikuwa ngumu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya kwa mikono. Wiki ya tisa hivi, mmoja akasema amefunga kichujio cha mafuta kinyume. Nikamshukuru, tukaenda wote kukifungua.

Jambo la pili ni kwamba hakuna anayepewa ushefu kwa ghafla tena. Kijana anaanza kwa kuongoza kazi moja ndogo, tuseme kubadilisha breki za lori moja akiwa na wasaidizi wawili. Mimi nakaa mbali, ingawa mikono inaniwasha. Kazi ikiisha tunakaa naye: uliwagawaje, nani alibaki bila kazi, kwa nini ulishika wewe mwenyewe kitu ulichompa mwenzako? Hapo ndipo uongozi unapojifunzwa, si kwenye semina ya siku moja hotelini ambako mtu anarudi na cheti na kalamu. Semina sizikatai. Lakini vijana wa TP Mazembe, timu yetu ya mpira hapa mjini, waliofika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010 hawakufika kwa kuhutubiwa kuhusu ushirikiano. Walifanya mazoezi wiki nzima kwa ajili ya mechi moja. Sisi mafundi tunacheza mechi siku sita kwa wiki, na mazoezi hatuna kabisa.

Mapatro, yaani wenye ateliye, nao nawaambia wazi: mshahara ukichelewa miezi mitatu, hicho kikao cha asubuhi kitakuwa kelele tupu. Na ukimweka ndugu yako kuwa shefu huku kila mtu anajua nani anastahili, umeshalivunja kundi kabla halijaanza kazi. Katika mji huu ambao watu wamewahi kufukuzana kwa sababu ya asili zao, jambo hilo lina uzito kuliko kwingine.

Yule kijana wa boliti bado yuko nasi. Wiki iliyopita ilikuwa zamu yake ya kuongoza. Mteja alikuja saa kumi akitaka lori lake litoke usiku huo huo, mzigo ulikuwa unamngoja mpakani Kasumbalesa. Kijana akazunguka magurudumu yote na taa, akarudi akanifuata mbele ya mteja mwenyewe. "Shefu, hili halitoki leo." Mteja akapiga kelele, akatishia kwenda ateliye nyingine, akanitazama mimi nimkatalie kijana. Nilimwambia anayeongoza leo ni huyu. Lori likalala kwetu siku mbili.