Nilivyomkamata mwizi chumbani kwangu Mbagala

Bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa majirani, maana huku Mbagala hii stori inazidi kunenepa kila ikipita kibaraza.

Mi nauza viatu vya mtumba, asubuhi nachukua mzigo Karume, napiga picha, napost wasap. Wenye biashara za mtandaoni mnanielewa, yani kwenye picha umeandika kwa wekundu kabisa elfu 15, saizi 42, mtu anakuja "bei?" Unamjibu. "Mwisho?" Unamjibu. "Saizi?" Siku nzima nataipu kwa kidole gumba kimoja cha kulia maana wa kushoto umeshika bomba la daladala, na usiku naendelea kitandani, chali, simu juu ya uso mpaka usingizi unanipitia inanidondokea puani. Kidole kilishaanza kulalamika kitambo, nikizungusha ufunguo kinauma, nikifungua chupa ya maji kinauma, mi napaka dawa ya kuchua tu maisha yanaendelea.

Sasa siku ya tukio ilikuwa Ramadhani. Mama mwenye nyumba anafuturisha wapangaji, na kwa vile nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili nikajifanya mtoto mwema, "mama lete hizo nazi nikune mimi". Nilidhani tatu. Akaleta nane. Nikakaa kwenye mbuzi, nazi inazunguka na kifundo cha mkono kinazunguka nayo, kufika ya tano mkono unatetemeka kama wa mzee lakini wapangaji wote wanaangalia, utaachaje? Muhogo ulitoka mtamu, hilo silikatai.

Nikalala na shibe yangu, ubavu wa kulia, mkono nimeukunja chini ya shingo. Mke wangu yuko kwao Tanga, katoka kujifungua, kwa hiyo chumbani niko peke yangu, hilo mlishike. Kama saa nane usiku nikashtuka. Kuna mkono shingoni kwangu. Mzito, wa baridi, hausogei, na mlango nimeupiga komeo kwa ndani! Jasho likanitoka, nikasema liwalo na liwe, nikaudaka kwa mkono wa kushoto nikaukaba haswa nikapiga ukelele "MWIZIIII! NIMEMSHIKAAA!" Jamaa hajitikisi, havuti, wala hahemi. Hapo ndo nikaogopa kweli, maana mwizi ukimshika si anajitetea? Nikaanza na Ayatul Kursiy.

Huku kwetu neno mwizi halirudiwi mara mbili. Komeo liling'oka na misumari yake. Kaingia dogo wa bodaboda na rungu, baba wa chumba cha pili na mchi, na mama mwenye nyumba na ile ile mbuzi ya nazi kainyanyua juu. Tochi ya simu ikanimulika, niko na bukta katikati ya kitanda, mkono wangu wa kushoto umeukaba wa kulia.

Kimya.

Dogo wa boda akauliza, "Braza, unajisalimia?"

Kesho yake nikaenda hospitali maana vidole vilikuwa bado vinachonyota, gumba na viwili vinavyofuata. Daktari kaniuliza kazi, nikamwambia nabeba mizigo. Akasema hebu niione simu yako, akafungua muda wa matumizi, masaa tisa kwa siku! Akaniambia kwenye kifundo kuna njia nyembamba mshipa wa fahamu unapita humo, ukilala umekunja mkono unaubana na ganzi ndo hiyo. Halafu akasema ficha gumba ndani ya ngumi, pinda mkono upande wa kidole kidogo. Nikapinda. Ukelele niliopiga ulikuwa ndugu yake na ule wa usiku, nesi akachungulia. Kumbe na kano za gumba zimevimba, ugonjwa una jina la daktari wa Uswisi, de Quervain, aliueleza mwaka 1895. Nikamuuliza 1895 walikuwa wanachati na nani? Akacheka, akasema zamani ulisifika kwa wafuaji, kwa kukamua nguo, na siku hizi anawaona sana wazazi wanaonyanyua vichanga.

Nikapewa banzi la kuvaa usiku na kuambiwa gumba lipumzike. Nikampigia mama watoto nipate pole, akasikiliza mpaka mwisho halafu akaniambia, "Baba Salma, mimi huo mkono unaniuma wiki ya tatu kwa kumnyanyua mwanao, sijamkamata mwizi yeyote." Nikanyamaza.

Mama mwenye nyumba kaongeza komeo kwenye deni la kodi. Na wateja sasa hivi nawajibu kwa voice, nikijua gumba limepona kazi. Wa kwanza kuipata kajibu hapo hapo: "kaka niko kazini siwezi kusikiliza, andika bei".