Dawa za usingizi Bukavu: mteja mpya na mteja wa zamani si mmoja

Kila habari ya kijana aliyelewa vidonge inapozunguka Bukavu, dai lile lile hurudi: dawa za usingizi ziondolewe kwenye farmasi za mtaa, zibaki hospitalini, mikononi mwa daktari wa akili. Dai hilo lina sababu zake. Lakini linamsahau mtu anayesimama nyuma ya meza kule Kadutu, giza limeshaingia, akiambiwa: "Docta, unipatie ka kidonge ka kulala."

Upande wa wanaotaka kufunga mlango huo wa farmasi tuusikie kwanza, maana si upande wa watu wasiojua mambo. Diazepamu, ambayo wengi wetu tunaiita Valium hata kama kopo limeandikwa jina lingine, pamoja na bromazepamu na lorazepamu, ziko chini ya udhibiti wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazogusa akili. Hazipaswi kutoka bila ordonansi, yaani karatasi ya daktari. Na tuseme ukweli, farmasi nyingi za mtaa hazina mfamasia. Kuna muuzaji aliyefundishwa na mwenye duka, pengine mwanafunzi wa uuguzi anayetafuta pesa ya masomo, na kipato chake kinahesabiwa kwa vidonge vilivyotoka. Kumwomba mtu huyo auze kidogo ni kumwomba apunguze sahani yake mwenyewe.

Tena dawa yenyewe haina haraka ya kuondoka. Nusu ya diazepamu uliyomeza huchukua kati ya saa 20 na 50 kutoka mwilini, na mabaki ambayo ini hutengeneza kutokana nayo, ambayo nayo hulegeza, hukaa zaidi ya hapo. Motari, dereva wa pikipiki ya abiria, aliyemeza saa nne usiku bado anayo saa moja asubuhi akishuka na abiria Nguba. Akiongeza kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, au tramadoli ya mgongo, dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni, pumzi inaweza kupungua hadi ikakatika. Mwaka 2016 wadhibiti wa dawa wa Marekani waliagiza onyo kali kabisa liandikwe kwenye dawa za kundi hili na za jamii ya afyuni, kwa sababu ya mchanganyiko huo. Sina la kupinga hapo.

Ninachopinga ni hesabu inayofuata, ile inayosema kwamba ukiziondoa farmasini, dawa itapungua. Kwa nani? Kuna mama ambaye amekunywa kidonge kimoja kila usiku tangu mume wake afe, na sasa ni mwaka wa tatu. Mwili wake umeshazoea. Ukimkatia ghafla hatarudi kulala kama zamani. Atatetemeka, atatokwa jasho, atakesha usiku kucha, na akiwa na bahati mbaya ataanguka kifafa, yeye ambaye hakuwahi kukiugua. Kuna pia wagonjwa wa kifafa wenyewe, wanaoishi kwa fenobabitali kwa sababu ndiyo wanayoweza kulipia. Nayo ni dawa ya kutuliza, nayo iko chini ya mkataba ule ule. Sheria iliyoandikwa kwa hasira ya vijana wa kona itamfikia kwanza mtoto wa kifafa wa Bagira. Kijana wa kona atahamia kwa wanaotembeza dawa ndani ya beseni sokoni, ambako hakuna hata wa kumuuliza umri.

Kuna kisa kimoja cha huku huku mashariki ambacho hakitajwi vya kutosha. Tangu mwisho wa 2014 hadi katikati ya 2015, kule Ituri, mamia ya watu walifika kwenye vituo vya afya wakiwa na shingo zilizopinda na misuli ya uso na ulimi iliyokazana. Mwanzoni ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Vipimo vilipofanywa ikaonekana kwamba walikuwa wamemeza vidonge vilivyoandikwa diazepamu, na ndani yake hamkuwa na diazepamu. Mlikuwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa mazito ya akili, ambayo inajulikana kwa kukaza misuli namna hiyo. Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari Julai 2015.

Kisa hiki kinaweza kusomwa kama ushahidi wa wanaotaka kufunga: tazameni, vidonge vya mtaani. Mimi nakisoma kwa upande wa pili. Diazepamu ilikuwa tayari dawa ya ordonansi. Katazo lilikuwepo kwenye karatasi na vidonge vya uongo vilipita. Kilichokosekana ni mtu wa kwanza kushtuka. Diazepamu hulegeza misuli, haikazi. Ile halisi hata hutumika kulegeza mikazo ya aina hiyo. Muuzaji anayejua jambo hilo moja tu, siku mama anaporudi na mtoto mwenye shingo iliyopinda, angelitazama kopo lake kwa jicho lingine, angeliacha kuuza, angeliita zoni ya afya. Elimu hiyo haihitaji miaka mitano ya chuo kikuu. Inamtosha asubuhi moja, mradi awepo wa kumfundisha na namba ya kupigia.

Na je, mtu wa farmasi anaweza kweli kumsaidia mteja kupunguza? Kule Quebec, Kanada, Cara Tannenbaum na wenzake walijaribu. Matokeo waliyotoa 2014 yanahusu wazee 303 waliokuwa wateja wa farmasi 30 za mitaani, wote wakitumia dawa hizi kwa muda mrefu. Nusu yao walipewa kijitabu: hatari za dawa, maswali ya kujipima, na ratiba ya kushuka polepole iliyochorwa kwa picha za vidonge, kizima, nusu, robo. Baada ya miezi sita, 27 kati ya kila 100 walikuwa wameacha kabisa. Kwa wale ambao hawakupewa kitu, waliacha 5 kati ya 100. Mwaka 2018 wakaja na jaribio lingine ambalo mfamasia, pamoja na kumpa mteja kijitabu, alimwandikia daktari wake. Safari hii 43 kati ya 100 waliacha dawa za usingizi, dhidi ya 9.

Najua, Quebec si Bukavu. Kule mteja ana faili na daktari ana jina. Lakini nalirudia lile la picha za vidonge, kwa sababu mtu asiyesoma Kifaransa wala Kiswahili anaelewa nusu ya mduara.

Ndiyo maana natofautisha wateja wawili. Mteja mpya aelezwe na arudishwe bila kidonge. Tangu 2013 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mtu mzima aliyepatwa na tukio la kutisha asipewe dawa hizi katika mwezi wa kwanza kwa ajili ya kukosa usingizi au mshtuko. Baada ya Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, ni nani hapa alilala vizuri? Mwongozo huo unatuhusu sisi kuliko wengi. Mteja wa zamani, huyo asifukuzwe. Aulizwe anakunywa ngapi, tangu lini, kama anachanganya na pombe, kama ana mimba. Apewe vya wiki moja, si vya mwezi. Aanzishiwe ngazi ya kushuka, na muuguzi au daktari wa SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili ya hapa Bukavu, aliyekubali kupokea simu aisimamie. Yote yaandikwe kwenye daftari.

Hapo kwenye daftari ndipo mpango huu unapokwama. Quebec mfamasia hulipwa kwa maoni anayomwandikia daktari. Kwetu hulipwa kwa kidonge, na mteja aliyeshuka ngazi hadi mwisho ni mteja aliyepotea. Zaidi ya hapo, muuzaji anayeandika kwamba leo amempa mama fulani vidonge saba bila ordonansi anajiandikia kosa kwa mkono wake, na mkaguzi akija atalisoma hivyo hivyo. Ukaguzi wa afya wa mkoa ungeweza kutangaza kipindi ambacho daftari la mteja wa zamani anayepunguziwa, lenye jina la daktari anayemfuatilia, halitakuwa sababu ya faini wala ya kufungiwa. ACOREP, mamlaka ya nchi inayosimamia dawa, ingepaswa kukubali pia. Bila tangazo hilo mafunzo yatafanyika, vyeti vitagawiwa, picha zitapigwa, na daftari litabaki jeupe.