Bei inayorudisha gharama, sawa, ila gharama za nani?

Kila mavuno ni hadithi ile ile, wakulima wanalia bei hairudishi hata hela ya mbolea, wanunuzi wa mjini nao wanalia chakula kimepanda, na katikati anasimama mwanasiasa anaahidi bei itakayozingatia gharama za uzalishaji. Makofi. Ila ukiuliza hizo gharama zimepigwa hesabu kwa daftari la nani hapo ndo watu wanaanza kuangaliana.

Chukua ekari mbili zilizopakana, zao moja, mvua ile ile. Kulima, mbegu, palizi mbili, dawa, hivyo vyote unavilipia kwa ekari, havijui utavuna nini. Huyu kavuna gunia 8 jirani yake 16 na matumizi yao hayajapishana sana, maana yake kila gunia la wa kwanza limemgharimu karibu mara mbili ya la mwenzake. Sasa bei ya haki hapo ni ipi? Ukimpimia wa 16, wa 8 kaisha. Ukimpimia wa 8, wa 16 anapata faida nono (apate tu, mi sina shida) lakini mlaji ndo atalipia udongo uliochoka. Na wa 8 ndo wengi.

Alafu kuna kazi ya familia. Watu wanne wa nyumba moja wamepalilia wiki nzima, hakuna aliyelipwa, basi kwenye hesabu inaandikwa sifuri, ndo maana unakuta mtu anasema kapata faida kumbe kajilipa mwenyewe kibarua cha bei ya chini kabisa. India wamelibishania hili miaka na miaka. Wana kipimo cha A2, hela iliyotoka mfukoni, wana A2+FL kinachoongeza thamani ya kazi ya familia, na C2 kinachohesabu mpaka kodi ya shamba ambalo ni la mkulima mwenyewe na riba ya mtaji wake. Tume ya wakulima iliyoongozwa na mwanasayansi wa kilimo M. S. Swaminathan, 2004 mpaka 2006, ilipendekeza bei ya chini inayopangwa na serikali izidi gharama kwa angalau asilimia 50. Serikali toka 2018 inasema inafanya hivyo, ila inapigia kwenye A2+FL, wakulima wanadai C2. Asilimia ni ile ile, hela ni mbali kabisa!

Wanaopinga bei ya kupangwa tusiwabeze, wana hoja. Ukiweka bei juu ya soko lazima awepo mtu mwenye hela wa kununua. Hao hao India wanatangaza bei ya mazao zaidi ya 20 lakini serikali inanunua kwa wingi hasa ngano na mpunga, wa mazao mengine wengi wanabaki na tangazo. Na hao wa mpunga wa Punjab, jimbo la huko huko India, kwa kuwa soko lipo la uhakika, wameung'ang'ania mpaka maji ya ardhini yanazidi kushuka. Bei ya kupangwa inaweza pia kumfunga mkulima mwenyewe: 2024 kakao ilipita dola 10,000 kwa tani kwenye soko la dunia, huku mkulima wa Ghana yuko kwenye bei ya bodi ya kakao ya serikali iliyo chini sana maana mzigo mwingi ulishauzwa mapema kwa mikataba, matokeo yake kakao kibao ikavuka mpaka kwa magendo. Ungekuwa wewe ungeibakiza?

Ila na hawa wa "acheni soko liamue" mi huwa nawauliza soko gani. Mkulima anavuna wiki moja na wenzake wote, ana deni la pembejeo, ghala hana, wadudu wanamsubiri, na mnunuzi aliyefika ni mmoja, kaja na mzani wake na anataka lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Hapo hamna kupatana bei, ni kukubali. Japo na mfanyabiashara naye ana gharama zake, barabara mbovu, mzigo kuoza, riba, siyo kila tofauti ya bei ni ulanguzi.

Kwa hiyo mi naunga mkono kuwe na bei ya chini ya kupangwa, ila ya kiasi tu, ipigwe kwa mkulima wa kati na kazi ya familia ihesabiwe, iwe kiasi ambacho mnunuzi wa mwisho ana hela ya kukilipa kweli. Hiyo nyingine tupambane kushusha gharama ya gunia: udongo, mbegu, na ghala la kuhifadhia. Stakabadhi ghalani, yaani unaweka mzigo ghalani unapewa risiti mpaka uuzwe, ni wazo zuri kwenye hili ila linamshinda mwenye deni la leo kama hapewi malipo ya awali siku anayoshusha mzigo, na makato yakiwa mengi anaona bora amuuzie mlanguzi shambani. Na hata bei ikiwa nzuri vipi, ukimlipa baada ya miezi mitatu atakuwa ameshauza nusu ya mavuno kwa hela ya mkononi kwa bei ya kutupa, maana mwenye deni hasubiri bodi ikae kikao.