Usichome faili la bima la mwaka 1974

Ukisema pale Mwanjelwa, Mbeya, kwamba bima iliyokatwa mwaka 1974 inaweza kulipia kisima kilichochafuka leo, utachekwa. Bima tunayoijua ni ya gari: siku ikiisha imeisha, na trafiki hana mjadala nawe. Kwa hiyo hoja ya kutumia bima za zamani kusafisha maji ya chini ya ardhi inaonekana ujanja wa mawakili. Nadhani haijatendewa haki.

Hata kwa gari, aliyegongwa Desemba anadai kwa bima iliyokuwa hai Desemba, hata kama leo ni Juni na stika imeshabadilishwa. Bima nyingi za zamani za dhima, zile zinazomlipa uliyemdhuru na si wewe mwenyewe, ziliandikwa hivyohivyo. Zinaangalia siku madhara yalipotokea, si siku yalipogundulika. Ugumu ni kwamba mafuta yanayovuja ardhini hayagongi mtu siku moja.

Chukulia sheli ya zamani kando ya barabara kuu ya Zambia, tuseme Mbalizi au Makambako. Tanki la chuma limefukiwa, limeota kutu, lina tundu dogo kama ncha ya sindano. Fimbo ya kupimia mafuta haionyeshi kitu, na kinachopungua mhasibu anakiandika kuwa kimekwenda na mvuke. Chini kule petroli inaelea juu ya maji, lakini benzeni iliyomo, kemikali inayoleta saratani ya damu, inayeyuka na kusafiri nayo. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi mikrogramu 10 kwa lita. Piga hesabu: petroli ikiwa na benzeni asilimia 1 tu, lita moja inatosha kufikisha zaidi ya lita 700,000 za maji kwenye kikomo hicho. Hizo ni ndoo 35,000 za lita ishirini, kutokana na chupa moja ya petroli. Sasa weka matone ya miaka kumi, halafu muulize mama anayechota nyuma ya sheli hiyo kama madhara yalianza siku alipoisikia harufu.

Marekani swali hilo lilifika mahakamani. Sheria yao iitwayo Superfund, ya mwaka 1980, iliwabebesha wachafuzi gharama hata za uchafu wa zamani, wenye viwanda na madobi wakakimbilia makabati yao kutafuta bima za zamani. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya California ilikubali kwamba gharama za kusafisha zinaweza kuhesabiwa kuwa fidia inayolipwa na bima. Mwaka 1995 ikasema madhara yanayoendelea miaka mingi yanaziamsha bima za miaka yote hiyo. Kampuni za bima zilikuwa zimeshafunga mlango mwaka 1986 kwa kuondoa uchafuzi kabisa kwenye mikataba yao, na ndiyo maana karatasi za kabla ya hapo zina thamani. Mkataba ukipotea, stakabadhi za ada, leja na barua za benki vinaweza kuuthibitisha.

Kampuni za bima zinajibu kwamba ada ya wakati ule haikupigwa ikihesabu gharama hizi, na atakayelipa ni mteja wa leo. Ni kweli, ila ada ilipokelewa na ahadi ikaandikwa. Hoja yao nzito zaidi inatoka Uingereza, ambako mahakama zetu za Tanzania husikiliza sana. Katika kesi ya Bartoline ya mwaka 2006, iliamuliwa kwamba gharama za kusafisha kwa amri ya mamlaka ya mazingira si fidia inayolipwa na bima ya dhima ya kawaida. Sheria yetu ya Mazingira ya mwaka 2004 inasema mchafuzi alipe, lakini NEMC, baraza la taifa la mazingira, ikitoa amri ya kurejesha mazingira, bima inaweza kukaa pembeni kwa hoja hiyohiyo. Njia iliyobaki ni mwenye kisima kushtaki mwenyewe, maana atakachopewa ni fidia hasa, ile ambayo bima ya dhima hulipa. Ukomo wa madai ya aina hiyo ni miaka mitatu, ingawa kwa kosa linaloendelea sheria yetu inaanza kuhesabu upya kila wakati. Tanki linalovuja hadi leo ni kosa linaloendelea.

Sisi tuna wepesi wetu. Tangu bima ilipotaifishwa mwaka 1967 hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua soko, Tanzania Bara muuzaji wa bima alikuwa Shirika la Bima la Taifa (NIC) peke yake. Hakuna kubahatisha ni kampuni gani. Tatizo ni kwamba NIC ni mali ya serikali, kwa hiyo katika walipaji yumo hata yule mwenye kisima, kama mlipa kodi.

Kinachonisumbua kuliko yote ni shilingi. Kikomo cha malipo kiliandikwa kwa shilingi za wakati ule. Mwaka 1974 dola moja ilikuwa takriban shilingi saba, hivyo kikomo cha shilingi milioni moja kilikuwa kama dola 140,000. Leo milioni hiyo haifiki dola 500, hailipi hata gari la kuchimba kisima kipya kuja kutoka Iringa. Wanaoiuza hoja hii kwa mifano ya California wanaruka hapo, na wakibanwa wanakosa jibu.

Jibu ninaloliona ni dogo lakini lipo. Baadhi ya sheli na viwanda vilikuwa na kampuni mama ng'ambo, na kampuni mama ikiwa iliweka matawi yake chini ya bima yake yenyewe, kikomo kiliandikwa kwa pauni au dola. Karatasi za aina hiyo ndizo za kutafutwa kwanza, na mahali pa kuanzia ni mafaili ya mikopo benki, maana mkopeshaji mara nyingi hudai nakala ya bima kabla ya kutoa hela.