Barabara ya Malindi na Jina la Ronald Ngala

Wazo la kukiita kipande cha barabara kuu, kutoka Kilifi hadi Malindi, kwa jina la marehemu Ronald Ngala, mwanasiasa wa Pwani wa enzi za uhuru, huzungumzwa sana barazani, na kila likitajwa hujibiwa kwa swali lile lile: jina litaziba shimo gani? Swali lina haki yake. Mwenye tuktuk aliyevunja springi haoni faida ya bodi mpya kando ya njia. Ila mashimo huzibwa kwa bajeti ya kila mwaka, na jina hutolewa mara moja. Sijasikia lami iliyokosekana kwa sababu ya bodi.

Hoja nzito ni nyingine. Ngala ameshaenziwa, wanasema: ana mtaa Nairobi, ana chuo cha utalii Vipingo. Tena kwao ni Gotani, huko bara, ambako barabara hii haifiki. Sawa. Lakini ule mtaa wa Nairobi, nani anayenunua vyombo pale akakumbuka kwamba Ngala alikuwa mtu, sembuse Mgiriama aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa mwanasiasa?

Kisha kuna Mwambao, lile vuguvugu la kutaka pwani ijitenge, na hapa naenda polepole. Zipo nyumba Malindi na Lamu ambazo hazijasahau. Waliotaka ukanda wa maili kumi wa pwani, uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, ujitenge na Kenya walimwona Ngala kuwa kizuizi, maana yeye alitaka Pwani iwe jimbo ndani ya Kenya. Oktoba 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, wakatia saini kwamba ukanda ubaki Kenya, mambo yakaisha juu ya vichwa vya wenyewe. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1964, Ngala aliivunja Kadu, chama chake cha upinzani, na kuingia Kanu, chama cha Kenyatta, na wapo wafuasi wake waliomwita msaliti. Kwa hiyo anayedhani jina hili litapokewa kwa vigelegele kutoka Kilifi hadi Shela, haijui pwani yake.

Hata hivyo, mtu hupimwa pia kwa kile alichokisimamia wakati kukisimamia kulikuwa na gharama. Machi 1957 alikuwa mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1960 akawa rais wa Kadu. Mwaka 1962 alikuwa London, Lancaster House, kwenye mkutano wa katiba, akidai majimbo, yaani mikoa yenye mamlaka yake, na kwa ajili hiyo akaitwa mkabila na kibaraka wa walowezi. Majimbo yakaingia katika katiba ya uhuru, na haukupita muda yakafutwa. Katiba ya 2010 ikaleta kaunti 47. Si kile kile alichokitaka, majimbo yalikuwa saba tu, lakini wazo ni la ukoo mmoja. Leo mtu wa Malindi akikosa dawa katika hospitali ya kaunti, anamlaumu gavana aliyeko Kilifi, si katibu wa wizara aliyeko Nairobi. Anamlaumu kwa jina, na uchaguzi ukifika anaweza kumtoa. Hilo la kuwa na mtu wa karibu wa kumlaumu ndilo Ngala aliloligombania, na wengi wanalitumia kila siku bila kujua lilianza kudaiwa na nani.

Na tazama kioja. Kwa katiba hiyo hiyo, barabara kuu ni za serikali ya kitaifa, kaunti ina zake ndogo. Bunge la Kaunti ya Kilifi likipitisha hoja asubuhi, itabaki ombi tu. Mtu wa majimbo, ili apate bodi karibu na kwao, lazima Nairobi ikubali.

Je, jina litashika? Mbagathi Way iliitwa Raila Odinga Road mwaka 2021, na abiria bado wanashuka Mbagathi. Makanga wa stendi ya Malindi hataita "Ngala! Ngala!" hata umlipe. Ataita Gede, Matsangoni, Tezo, Kilifi. Kwa sababu hiyo siwaungi mkono wanaotaka jina likae kilomita zote karibu 120 kutoka Mombasa. Jina refu hivyo halitatamkwa na mtu. Kipande cha Kilifi hadi Malindi kinatosha, kwa ajili ya ramani, anwani na mtoto wa shule anayesoma mabango dirishani. Malindi yenyewe imemtunzia mnara Vasco da Gama, aliyepita hapa 1498 akitafuta mtu wa kumwonyesha njia ya India, na ilichukua muda mrefu sana kabla ya Mekatilili wa Menza, shujaa wa Wagiriama aliyewapinga Waingereza, kupata sanamu.

Ibara ya 119 ya katiba inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Anayelipeleka aandike pia kwamba bodi isiishie kwenye jina tupu kama kule Nairobi. Iwe na miaka, iwe na Kadu, iwe na majimbo, na waliokuwa wa Mwambao waulizwe kabla ya rangi kupakwa.